Pamba ya Mama Panya

Mtaani kwetu wanamwita mke wangu Mama Panya, na mwanzoni nilitaka kupigana na watu kwa ajili ya jina hilo. Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi. Yeye alicheka tu, akaniambia niwaache, kwani wamesema uongo gani? Basi jina likakaa, na siku hizi hata mimi nikipigiwa simu na mteja asiyejua nyumba yetu, namwambia akifika kona aulize kwa Mama Panya.

Mimi ni fundi friji. Karakana yangu ni chumba cha mbele cha nyumba yetu, kimejaa mashine zilizofunguliwa, mipira ya milango na harufu ya gesi. Yeye anafanya kazi kwenye maabara ya utafiti, upande wa panya. Usidhani ni hawa wa darini wanaotoboa magunia. Ni panya wadogo sana, wasafi kunizidi mimi, kila mmoja na kizimba chake cha plastiki, maji yake na chakula chake. Nusu yao wamezalishwa wakiwa na kasoro ambayo wakishakua inawaletea ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ule ule unaowapata wazee wetu. Nusu nyingine ni wazima. Kwa macho huwezi kuwatofautisha, na mke wangu anayewapima haambiwi yupi ni yupi, maana akijua atawahurumia wagonjwa na kuwapa alama za bure. Anayejua ni mkuu wa utafiti peke yake, msomi mmoja wa umri wa binti yetu, ambaye mke wangu amempa jina la Bosi Mdogo. Anampenda sana, na anamgombeza vilevile.

Utafiti wao unatafuta dalili za mwanzo kabisa, zile zinazokuja kabla panya hajaanza kupotea njia. Kwa hiyo kazi ni kuangalia tabia. Jioni, kabla ya kutoka, mke wangu anamwekea kila panya kipande cha pamba kilichoshindiliwa. Asubuhi anapita kizimba kwa kizimba kuangalia. Panya mzima atakuwa ameichana pamba yote na kujijengea kiota cha duara chenye kuta, na utamkuta amelala katikati, pua tu inaonekana. Anayeanza kuumwa ataiacha ilivyo, au ataigusa kidogo kisha alale pembeni kwenye takataka za mbao. Chakula anakula, mbio anakimbia, njia zote anazijua. Ila kutandika ndiko kumemtoka.

"Hasahau kwanza," aliniambia siku moja tukila. "Kwanza anaacha kujali anapolala."

Nilimjibu kwamba kwa kipimo hicho mimi ninaumwa tangu kuzaliwa, maana katika ndoa yetu yote sijawahi kutandika kitanda. Alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Ni kweli, kitanda kilikuwa chake. Shuka alilibana kwenye kona zote nne likakaza, hata kuingia kulala ilibidi ulivute kwa nguvu, nami nikalalamika miaka nenda miaka rudi kwamba nafungwa kama mzigo.

Sasa niseme na hofu yangu, maana bila hiyo hutanielewa. Marehemu baba alimaliza maisha yake akiniita kwa jina la kaka yake aliyekufa zamani. Alikuwa ameketi sebuleni kwake, kwenye kiti chake, akilia apelekwe nyumbani. Nilimuuguza mwenyewe, na mke wangu ndiye aliyemfulia mashuka bila kunung'unika. Tangu wakati huo, nikisahau tu bisibisi nimeiweka wapi, kijasho chembamba kinanitoka. Jina la mteja likinipotea najitia kikohozi mpaka lirudi. Nilikuwa naishi roho mkononi, na sikumwambia mtu.

Ndipo akanieleza kipimo kingine. Panya anawekwa kwenye kasha jeupe lililo wazi juu, na ndani kuna chupa mbili ndogo zinazofanana. Anazinusa, anazizoea, anatolewa. Baadaye anarudishwa, lakini sasa chupa moja imeondolewa na mahali pake pamewekwa kitu kingine, labda kitofali cha kuchezea watoto. Panya mzima anakwenda moja kwa moja kwenye kile kipya, maana ile chupa anaikumbuka na haina habari mpya kwake. Mgonjwa ananusa vyote sawasawa. Kwake vyote ni vigeni. Juu kuna kamera inayochukua kila kitu.

Nikamuuliza, kwa hiyo mtu akitaka kumjua mwenzake kama ni mzima, anabadilisha kitu kimoja ndani ya nyumba, halafu anakaa pembeni anaangalia? Akasema binadamu si panya, lakini ndiyo, wazo lenyewe ndilo hilo. Nikaona ananitazama. Au nilidhani ananitazama.

Haikupita muda, asubuhi moja natoka kuoga nikakuta kitanda hakijatandikwa. Mke wangu alikuwa amekwisha kwenda kazini. Shuka limejikunja katikati, mto mmoja uko chini. Nikasimama pale na taulo langu, nikajisemea moyoni, anhaa, leo ni zamu yangu. Ameniambia habari za pamba, sasa ameniachia pamba. Nikatandika. Kona nikazibana kama anavyozibana yeye, nikarudia moja iliyonishinda. Jioni aliingia chumbani, akavua viatu, akakaa juu ya lile shuka na hakusema lolote. Nikaona ni sawa, kwani mpimaji huwa anaongea na panya? Kuanzia hapo kila asubuhi kitanda kikawa changu, na nikishakitandika ndiyo nakwenda karakana nikiwa na amani.

Kisha ikaja sukari. Nilifungua kabati la jikoni kutafuta majani ya chai, nikakuta kopo la sukari limekaa mahali pa majani, na majani yenyewe yako chini, nyuma ya sufuria. Mke wangu alikuwa amesimama kwenye jiko.

"Unanipima, siyo?" nilimuuliza.

Aligeuka akaliangalia lile kopo. Halafu akatabasamu. "Umeona, eh?"

Nikamwambia nimeona vizuri sana, na akitaka kunikamata ajitahidi zaidi. Kichwa kilinivimba. Nilikwenda karakana napiga mluzi, na siku ile nilimtengenezea mzee mmoja mpira wa mlango bila malipo. Ningejua.

Basi likawa jambo letu la kila mara. Kalenda ya sebuleni nikaikuta imegeuzwa inatazama ukuta, nikamwambia. Miwani yake nikaikuta kwenye boksi langu la skrubu, nikampelekea nikicheka. Kikombe cha chai, na chai yenyewe ikiwamo imepoa, nikakikuta kabatini kati ya mashati yangu, nikamfuata sebuleni nikiwa nacho mkononi na kumuuliza kama sasa ameishiwa mbinu. Kila mara alinitazama kidogo kwanza, kisha akasema umeniweza. Siku niliyofungua friji yetu nikakuta pasi imelala kwenye rafu karibu na maziwa, nilivunjika mbavu. Nilimwambia hiyo si haki, kumpima fundi friji kwa friji ni sawa na kumpima panya kwa jibini. Yeye alisimama akaiangalia ile pasi kwa muda mrefu. Nikadhani anajutia swali rahisi.

Lakini usidhani nilikuwa na raha. Kila asubuhi, kabla sijanywa hata chai, nilizunguka nyumba nzima nikitafuta kilichobadilika. Nikikiona, nafuu. Nisipokiona ndiyo balaa, maana nilijua kipo, ila akili yangu imekipita. Kuna siku nilitafuta mpaka jua likawa juu kabisa. Nilitoa vyombo vyote nikavirudisha. Nilihesabu viti. Mteja aliyeniletea friji ya duka akanisubiri nje hata akachoka, akaingia ndani kuniita, akanikuta nimepiga magoti nachungulia chini ya kitanda changu mwenyewe. Akauliza, umepoteza nini, fundi? Nikamwambia sijui. Na kweli sikujua.

Jioni ile mke wangu hakuwahi hata kuweka mkoba chini, nikamuuliza leo kimebadilika nini. Akasema hakuna. Nikamwambia asinifiche, kama nimeshindwa aseme nijue moja, mimi si mtoto. Sauti ilinipanda, nakiri. Akarudia kwamba leo hakubadilisha kitu, na macho yakamjaa machozi. Nikaondoka pale haraka nikajifungia karakana. Niliona wazi kwamba ananililia mimi, kwamba amekwisha kuona mwisho wangu na hana namna ya kuniambia.

Katika siku hizo hizo binti yetu alinipigia kutoka kwake huko aliko, akasema mama amempigia asubuhi kumpa habari fulani, kisha mchana akampigia tena kumpa habari ile ile. Nikamjia juu. Nilimwambia mama yake ana kazi nyingi, na aache kuwapima wazazi wake kwenye simu, kipimo kimoja ndani ya nyumba kinatosha. Hakunielewa, akakata simu amenuna.

Na kweli kazini kwa mke wangu mambo yalikuwa yameharibika. Panya walikuwa wanashindwa, na si wale wagonjwa tu. Bosi Mdogo anayejua siri ya vizimba alimwambia kwamba hata wazima wananusa vitu vyote sawasawa, yaani kwa matokeo yale, panya wote ni wagonjwa. Kazi ya miezi inakwenda na maji. Wakatafuta mchawi kila mahali. Panya wanasumbuliwa na harufu ngeni, basi watu wote wakabadilishiwa sabuni na manukato yakapigwa marufuku. Wanasumbuliwa na kelele, basi mafundi waliokuwa wanatoboa ukuta jengo la jirani wakaombwa wasimame kwanza. Mke wangu alinikataza nisimguse asubuhi nikiwa na nguo za karakana, asije akawapelekea harufu ya gesi. Nikamtania kwamba panya wake wamegoma, watakuwa wanataka mapumziko. Hakucheka. Alikuwa amekonda, na chakula alikuwa anakigeuzageuza tu kwenye sahani.

Halafu siku moja alirudi mchana. Hajawahi kurudi mchana. Aliingilia karakana badala ya mlango wa ndani, mkoba ameukumbatia kifuani, akakaa kwenye stuli ya wateja. Nilizima moto niliokuwa nachomelea bomba. Nilidhani kuna msiba.

Alinieleza polepole, macho yako sakafuni. Bosi Mdogo alimwita asubuhi wakae pamoja waangalie picha za kamera, labda wataona kinachowasumbua panya. Wakaangalia. Panya anatolewa kwenye kasha. Mkono wenye glavu ya bluu unaingia, unaishika chupa moja, unainyanyua, unabaki nayo hewani kidogo. Kisha unairudisha pale pale. Ile ile. Panya analetwa, ananusa chupa mbili alizokwisha kuzizoea, ananusa sawasawa, na ana haki yake, kipya kiko wapi? Wakafungua picha za siku nyingine, mambo ni hayo hayo. Siku nyingine tena. Kuna siku mkono uliingia na kitofali, ukakiweka, ukasita, ukakitoa. Bosi Mdogo alizima skrini, akamshika bega.

"Panya hawana kosa," mke wangu alisema. "Ule mkono ni wangu, na sikumbuki."

Sasa sikiliza ujinga wangu. Nilimwambia ni uchovu. Nilimwambia mtu hawezi kupima panya kutwa nzima, kisha arudi nyumbani ampime na mume, kichwa ni kimoja, lazima achanganye ya huku na ya kule. Nilisema aache kunipima kwanza, apumzike, atakaa sawa. Nilisema yote hayo kwa upole kabisa, nikijiona mume mwema.

Akainua uso.

"Baba watoto, mimi sijawahi kukupima hata siku moja."

Kwanza nilicheka. Nilidhani ni ujanja mwingine. Kisha nikaikumbuka ile pasi, na jinsi alivyosimama akaitazama, nikaacha kucheka. Nikakumbuka kikombe. Nikakumbuka miwani. Vitu vyote nilivyokuwa nimevishinda vikaanza kunirudia kimoja kimoja, na kila kimoja kikija kilikuwa na sura nyingine.

Akasema siku ile ya sukari hakujua imefikaje pale. Alikuwa amesimama kwenye jiko anaogopa nitamuuliza, nami nikamuuliza kama ananipima. "Ukanipa jibu," alisema, "nikalichukua." Na baada ya hapo kila nilipokuja na kitu mkononi nikijisifu, alishukuru kwamba nacheka, kisha akaenda kujifungia chooni akalia.

Nitasema na jambo hili, ingawa aibu yake sijaimaliza. Kabla uchungu haujanifika, nilipata nafuu. Kumbe mgonjwa si mimi. Ilikuwa ni mara moja tu, kufumba na kufumbua, lakini niliisikia mwili mzima, na yeye aliiona usoni pangu, maana kazi yake ni kuona. Hakunilaumu. Aliniuliza kama nimekula. Hapo ndipo nilipokasirika, sijui nilimkasirikia nani, nikaipiga teke friji ya mtu mpaka mlango ukabonyea, kisha nikakaa chini sakafuni karibu na miguu yake.

Hospitali tulikwenda pamoja, asubuhi. Alivaa gauni lake la kazini lililopigwa pasi, na mimi nilivaa koti. Daktari alikuwa mtu mpole asiye na haraka. Alimwomba mke wangu achore saa, ataje siku, akumbuke maneno fulani aliyomtajia mwanzoni. Mimi nilikaa kwenye kiti cha pembeni nikitafuta majibu kichwani pamoja naye, na kila alipokwama nilitamani nimwandikie kiganjani. Kuna neno alilikosa nami nalijua.

Daktari akasema bado kuna vipimo vya damu na picha ya kichwa, hasemi lolote kwa sasa. Kisha akanigeukia mimi. Akaniuliza mambo haya yalianzaje, yalianza lini, na yamekuja kwa mpangilio gani. Akaongeza kwamba nisijali kama sikumbuki, ndugu wengi huwa hawakumbuki.

Nilikumbuka vyote. Ningewezaje kuvisahau, na vilikuwa ushindi wangu? Nilianza na kopo la sukari. Nikataja kalenda, miwani kwenye skrubu, kikombe kwenye mashati, pasi kwenye friji. Nilijua kipi kilikuja kabla ya kipi, na siku ya kila kimoja, na alisema nini, na mimi nilijibu nini nikicheka. Daktari aliandika, akageuza karatasi, akaandika tena. Akasema ni nadra kumpata mume aliyemwangalia mkewe kwa makini namna hii. Nilitamani ardhi ipasuke. Mke wangu alikaa wima, mkoba juu ya magoti, akisikiliza kila neno kwa utulivu ule ule anaosikilizia matokeo ya kazini.

Nilipomaliza, daktari akauliza ili aandike vizuri: kwa hiyo dalili ya kwanza kabisa ilikuwa sukari? Nikasema ndiyo.

Mke wangu akaniwekea mkono kwenye goti.

"Si sukari," alisema. "Kitanda chetu siku hizi anatandika nani?"

Nilitaka kudanganya. Nilitazama mlango, nikatazama kalamu ya daktari, nikamtazama yeye, na nikaona kwamba jibu ameshalipata, anangoja tu lisemwe.

"Mimi," nilisema.

Akatikisa kichwa kukubali, akamgeukia daktari, akamwambia aandike hilo kwanza.